Mashala wa geti yuko ndani ya nguzo: nianze kurekebisha wapi?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Tabata, narusha ndege kwenye Microsoft Flight Simulator nikiwa na programu ya GSX, ile ya wahudumu wa chini wa uwanja. Kuna geti moja la jengo la 3 la abiria pale uwanja wetu wa Julius Nyerere. Nikiegesha A220 ya Air Tanzania inakaa sawa kabisa. Nikija na 787 geti lilelile, pua inapitiliza mpaka inakaribia ukuta, daraja la abiria halifiki mlangoni, na mashala anayeniongoza kuegesha anasimama ndani ya nguzo, naona fimbo zake tu. Nikisogeza mduara wa maegesho nyuma, 787 inapona lakini A220 inaharibika. Nimehangaika wiki mbili. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Wiki mbili hizo hazijapotea, maana umelieleza tatizo vizuri kiasi kwamba jibu limo humohumo kwenye swali. Ukiona moja inapona na nyingine inaharibika, ujue kifaa kimoja kimebebeshwa kazi ya vifaa viwili.

Kwenye geti moja kuna mambo matatu yanayokaa karibu karibu hadi mtu anayaona kama kitu kimoja. Kuna mduara wa maegesho, huo ni wa simuleta yenyewe. Kuna alama ya kusimamia, yaani pale ndege inapotakiwa kukata mwendo, na hiyo GSX inaitunza kivyake. Halafu kuna mahali anaposimama mashala. Ninaposema mashala namaanisha yule wa chini mwenye reflekta na fimbo mbili za taa, si muongoza ndege wa mnarani. Wale wa mnarani wana kazi nyingine kabisa. Wewe umekuwa ukisukuma mduara ili kurekebisha alama, na mashala hukumgusa kabisa.

Kwanza tuone kwa nini 787 inapitiliza. Kila ndege ya simuleta ina nukta yake ya sifuri, mahali fulani kwenye mwili ambapo vipimo vyote vya ndege hiyo vinaanzia. Ukichagua geti kwenye ramani ili uanzie hapo, simuleta inachukua hiyo sifuri na kuiweka katikati ya mduara. Tairi la mbele liko wapi, mlango uko wapi, haijali. A220-300 ina urefu wa mita 38.7. 787-8 ina mita 56.7. Tofauti ni mita 18. Tukichukulia kwa hesabu ya haraka kwamba sifuri ya kila moja iko katikati ya mwili, pua ya 787 itatangulia pua ya A220 kwa mita 9. Hiyo ni zaidi ya urefu wa Coaster ya abiria. Hakuna daraja linaloweza kumeza tofauti ya namna hiyo bila mtu kulisaidia.

Kwenye eproni halisi, yaani uwanda wa kuegeshea ndege, jambo hili lilishatatuliwa zamani kwa rangi. Mstari wa njano ni mmoja, unaingia mpaka mbele ya jengo, na juu yake kuna vimistari vya kukatiza, kila kimoja kimeandikwa aina ya ndege yake. Rubani anafuata mstari, tairi la mbele linasimama kwenye kimstari chake, basi. Vimistari hivyo vimepimwa kutoka mlangoni: ukiusimamisha mlango wa mbele wa kushoto pale daraja linapofika, tairi la mbele litaangukia wapi? Ndipo panapopigwa rangi. Kwa hiyo anza na tairi la mbele. Mduara, mashala, gari la mafuta, ngazi, vyote vinapimwa kutoka kwenye tairi hilo.

Ukishapanga hivyo utaona kitu ambacho pengine hukukitegemea: pua za 787 na A220 zitakaribiana, kwa sababu milango yote miwili inakuja sehemu moja, na zile mita 18 zitahamia karibu zote nyuma, kwenye mkia. Hapo ndipo penye hatari. Kabla hujafurahi kwamba daraja limefika, panda na kamera juu, uangalie mkia wa 787 umeishia wapi. Ukiwa umechomoza kwenye njia ya ndege zinazopita nyuma, geti hilo halifai kwa 787, hata mashala akipendeza namna gani. Chagua jingine. Nimeona profile nyingi, yaani mafaili ya GSX ya kupanga mageti ya uwanja, zilizotengenezwa na watu makini kabisa ambamo mbele kila kitu kimenyooka, na nyuma mkia uko barabarani.

Sasa kazi yenyewe. Rudisha mduara ulipokuwa. Kama ulishaugusa kwenye hali ya msanidi (Developer Mode) na kuuhifadhi, ondoa badiliko hilo kwenye folda ya nyongeza za simuleta, usijaribu kuurudisha kwa macho. Kisha nenda kwenye folda ya GSX, utaipata ukiandika %APPDATA%\virtuali\GSX\MSFS kwenye upau wa anwani wa Windows. Tafuta faili la .ini linaloanza na htda, ambazo ni herufi nne za uwanja wetu kimataifa. Linakili pembeni kabla hujafanya lolote. Kama kuna mawili ya .ini yanayoanza na htda, umeshapata nusu ya ugonjwa wako: profile mbili za uwanja mmoja zinagombana, na unayoihariri huenda siyo inayosomwa. Bakiza moja.

Hakikisha pia kwamba profile uliyonayo ilitengenezwa kwa mandhari (scenery) ya uwanja uliyoweka wewe, si mandhari nyingine ya uwanja huohuo. Uwanja wa Dar umebadilika ndani ya muda mfupi. 787-8 ya kwanza ya Air Tanzania ilipotua Julai 2018, jengo la 3 lilikuwa bado linasubiriwa. Lilifunguliwa Agosti 2019. Mandhari ya kabla ya hapo haina jengo hilo wala mageti yake, na hata mandhari mbili mpya zinaweza kuyapa mageti namba tofauti. Profile inamtafuta mashala wa geti kwa jina la geti. Jina likihama, mashala naye anahama, na mara nyingi anaangukia ndani ya kitu kigumu. Nguzo yako inanifanya nishuku jambo hili pia.

Egesha A220 kwenye geti, fungua menyu ya GSX na uingie sehemu ya kuhariri nafasi za uwanja. Utaona alama ya kusimamia peke yake, tofauti na nafasi yenyewe ya maegesho. Iweke kwanza kwa A220, kwa sababu ndiyo inayokaa vizuri tayari, na uifanye iwe kipimo chako. Hifadhi. Usiiguse tena alama hiyo kwa ajili ya 787.

787 utaishughulikia kwa faili la pili, lenye jina lilelile la profile ila linaishia na .py. Ndani yake unaandika jedwali dogo: ndege ya aina hii, isogezwe mita kadhaa kutoka kwenye alama, ya aina ile, mita kadhaa. Usiogope kwa kuwa ni Python, lugha ya kuandikia programu. Ni mistari michache tu, na unaweza kuuchukua mfumo wake kutoka kwenye profile ya uwanja wowote mkubwa uliyopakua, ukabadilisha jina la geti na namba. Siku ya kwanza andika namba kubwa ya makusudi, mfano 10, uingie simuleta uone ndege inakwenda upande gani. Ukishaujua upande, punguza taratibu. Mtu anayeanza na nusu mita hawezi kujua kama kilichobadilika ni namba yake au ni breki zake mwenyewe.

Kupata namba sahihi, pima. Simamisha 787 mahali ambapo daraja linafika mlangoni vizuri, ukiwa umeipeleka kwa mkono bila kumfuata mashala. Andika latitudo na longitudo. Fanya vivyo hivyo pale GSX ilipotaka usimame. Hapa sisi wa Dar tuna bahati ya jiografia: tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo na longitudo zina urefu unaokaribia kulingana. Tarakimu ya tano baada ya nukta, yaani 0.00001, ni kama mita 1.1 upande wowote. Mwenzako wa Ulaya ya kaskazini hana raha hiyo, longitudo kwake ni fupi sana. Angalia tu alama ya kutoa. Latitudo yetu ni hasi, inaanza na −6.8, kwa hiyo ukitaka kwenda kusini tarakimu zinakua. Kosa hilo limewapotezea wengi jioni nzima, geti linakimbilia upande usiotarajiwa na mtu anadhani programu imeharibika.

Uelekeo nao usiudharau. Digrii moja inaonekana kitu kidogo, lakini kwa urefu wa 787 mkia unahama takriban mita moja pembeni. Chukua uelekeo kutoka kwenye mstari wa njano wenyewe: panga ndege juu ya mstari, tairi la mbele na yale ya nyuma yakiwa yamenyooka, kisha soma uelekeo wa kweli, si wa dira.

Kuhusu ukubwa wa mduara nitapita haraka, kwa kuwa si tatizo lako la leo, ila litakufikia kesho ukiwasha ndege za simuleta zijiegeshe zenyewe. Kutoka katikati ya mduara hadi ukingoni kunatakiwa kuwe angalau nusu ya upana wa mabawa. 787-8 ina mabawa ya mita 60.1, nusu yake ni kidogo zaidi ya 30; A220-300 ni mita 35.1, nusu yake ni 17.55. Viwango vya kimataifa vya viwanja vinadai nafasi ya mita 7.5 kati ya ncha ya bawa la ndege ya kundi la 787 na kitu chochote cha jirani, na mita 4.5 kwa kundi la A220. Ukizipanga hizo mbili ubavu kwa ubavu, mistari yao ya kati isiwe karibu kuliko mita 55 hivi. Ukikuta mistari kwenye mandhari yako iko karibu zaidi ya hapo, geti la jirani libaki tupu wakati 787 ipo. Ndivyo inavyofanyika hata kwenye viwanja vyenyewe.

Sasa mashala, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu watu wengi humweka popote palipo wazi kisha wakaona kazi imekwisha.

Umepanda daladala, umemwona konda akimrudisha dereva kwenye nafasi finyu. Hasimami katikati. Anasimama pale dereva atakapomwona kwenye kioo, anapiga bodi, rudi, rudi, rudi, simama. Dereva wetu anakaa kulia, kwa hiyo konda mzoefu anajiweka upande wa kulia bila hata kufikiri. Macho yetu yamezoea hivyo, na nadhani ndiyo maana vijana wengi wa hapa nyumbani wakitengeneza profile humweka mashala kulia au katikati kabisa ya mstari. Rubani mkuu anakaa kushoto. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwenye Kiambatisho cha 2, zinasema wazi kwamba anayeashiria ndege yenye mabawa asimame upande wa kushoto wa ndege, mahali ambapo rubani anamwona vizuri zaidi. Kwa hiyo mtoe kwenye nguzo, umlete mbele ya pua, na umsogeze kidogo upande wa kushoto wa ndege. Ukiwa umesimama wewe mbele ukiitazama ndege, huo ni mkono wako wa kulia. Usichanganye.

Umbali ndio unaosumbua zaidi. Niliwahi kufanya kazi eproni kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwenye simuleta. Usiku mmoja wa masika, nikiwa bado mgeni, nilipewa kupokea ndege ya propela. Mvua ilikuwa inapiga ubavuni, taa za ndege zinaniwakia usoni, nikahisi rubani hanioni. Nikapiga hatua mbele kumfuata. Nikapiga nyingine. Ndege ikasimama palepale, mita kama tano kabla ya alama, injini zikinguruma. Nilikuwa nimeingia chini ya pua. Rubani asipomwona mashala wake haendelei, anasimama, na alifanya sawasawa. Msimamizi wangu alikuja akanishika bega, akanirudisha nyuma hatua kwa hatua hadi akatosheka, akaniambia nimtazame rubani machoni. Nikainua kichwa, nikamwona, kofia ya masikioni na yote, akinikazia macho kupitia kioo kilicholowa. Ndipo akaachia breki. Tangu usiku ule napima hivyo: kama mashala anaweza kuyaona macho ya rubani, rubani anaweza kumwona mashala.

Kwenye simuleta kipimo hicho unaweza kukifanya kwa urahisi kuliko mimi nilivyokifanya kwenye mvua. Simamisha 787 kwenye alama yake, kaa kiti cha kushoto, kamera iwe kwenye urefu wa macho wa kawaida, usiinuke wala usichungulie. Je, unamwona mashala kuanzia kiunoni hadi ncha za fimbo akiwa amezinyoosha juu? Kama unaona fimbo tu, yuko karibu mno, kioo cha chini kinamkata, mrudishe nyuma. Kama nguzo ya kioo cha rubani inampitia katikati ya mwili, msogeze pembeni nusu mita, kisha tazama tena. Ukitosheka, rudisha ndege nyuma mita 40 na uje upya polepole, kwa sababu anatakiwa aonekane tangu unapoingia kwenye mstari, si wakati wa kusimama tu. Usimpange kwa kamera ya angani. Kutoka juu kila mashala anaonekana amekaa pazuri.

Mpange kwa 787 kwanza, kwa kuwa chumba chake cha rubani kiko juu zaidi na sehemu ya ardhi isiyoonekana mbele ya pua ni ndefu. Kisha jaribu na A220 bila kumgusa. Anayeonekana vizuri kutoka juu huwa anaonekana vizuri kutoka chini, ila ukuta wa nyuma yake usiwe karibu mno. Mwachie nafasi ya mtu kutembea.

Unapomfuata, soma mikono yake, usisubiri maandishi ya skrini. Viwiko vikiwa vimekunjwa na fimbo zikipanda na kushuka kati ya kifua na kichwa, njoo mbele. Mkono mmoja ukinyooshwa pembeni na mwingine ukiendelea kukuita, geuza kuelekea upande wa ule ulionyooshwa, na kasi ya mkono unaoita ndiyo kasi ya kona. Mikono ikinyooka pande zote mbili na kupanda taratibu hadi fimbo zikutane juu ya kichwa, huko ndiko kusimama kwa kawaida: anza kupunguza mapema, ili ziwe zinakutana na wewe unasimama. Zikirushwa juu kwa ghafla na kupishana, hiyo ni dharura, kanyaga breki. Kama mashala wako anakutanisha fimbo wakati mlango bado haujafika kwenye daraja, tatizo ni jedwali la .py, si mahali alipo yeye. Wengi hapo humhamisha mashala wa watu bila sababu.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa najua utaenda pia na ndege ndogo. ATR 72 mlango wake wa abiria uko nyuma kushoto, na wa mbele kushoto ni wa mizigo. Hesabu ya daraja haina maana kwake, kwa hiyo usiiandike kwenye jedwali la geti hilo. Ipeleke kwenye maegesho ya wazi ambapo abiria wanashuka kwa miguu. Kule jengo la 1, kwenye Caravan za kwenda Zanzibar, mashala anakaa karibu zaidi kwa sababu pua ni fupi na rubani yuko chini, lakini asiwe kwenye mstari wa propela. Mpe nafasi ambayo wewe mwenyewe ungekubali kusimama.

Ukimaliza kila badiliko la faili, anzisha upya injini ya GSX, ile inayoitwa Couatl, kutoka kwenye menyu yake. Bila hivyo unaendelea kuona ya jana na kudhani umekosea. Fanya geti hilo moja hadi likamilike, na 787 na A220, mchana na usiku, ndipo uguse la pili. Kama mkia wa 787 utagoma kutoshea, niandikie namba ya geti na zile latitudo mbili ulizopima, nami nitazipima upande wangu.